Futi tatu au mpaka ardhi ngumu: shajara ya msingi wetu Moshono

Jumamosi, 25 Mei 2024

Mvua za masika zimelegea. Leo, kwa mara ya kwanza tangu Machi, nimefika kiwanjani bila gari kusukumwa na mtu. Ni Moshono, mashariki ya mji wa Arusha. Kiwanja kinateremka kidogo kuelekea bondeni, na asubuhi kukiwa hakuna mawingu Mlima Meru unauona wote.

Sisi madereva wa watalii kalenda yetu ya ujenzi imekaa upogo. Aprili na Mei nafasi tunayo, hela hatuna, na mvua inanyesha. Juni mpaka Oktoba hela inaingia, ardhi imekauka, lakini mwenyewe uko porini na wageni. Maana yake msingi huu utajengwa nikiwa sipo, ndiyo maana nimenunua daftari. Nitaandika kila kitu, hata cha kijinga.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, mita 12 kwa 10. Kibali cha ujenzi kimetoka. Watu watatu wameleta bei. Wa kwanza, fundi wa kijiweni, alisema ufundi ni 2,900,000, na bei hiyo aliitoa akiwa juu ya bodaboda, hata mguu hakuushusha. Wa tatu alitaka kufanya ufundi na vifaa kwa pamoja, milioni 19, mimi nikabidhiwe jamvi, yaani zege la sakafu, limeshamwagwa. Wa pili ni mkandarasi mdogo wa daraja la saba, ambalo ni la chini kabisa kwenye madaraja ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Alitaka 3,600,000 za ufundi tu, vifaa juu yangu. Huyo alizunguka kiwanja mara mbili, akachota udongo akausugua kiganjani, akauliza maji ya mvua huwa yanapita wapi.

Nimemchukua huyo wa pili. Ya ufundi na vifaa ingenipunguzia safari za dukani, lakini msingi ukishafukiwa huwezi kujua saruji ngapi zimeingia na ngapi zimepanda toroli usiku. Nikinunua mwenyewe, angalau naanza na idadi ninayoijua.

Jumatano, 29 Mei

Nimeandika mkataba. Binamu yangu aliyejenga Sakina, mtaa mwingine wa Arusha, alinitumia wake kwa simu, nikabadilisha majina na vipimo. Mama watoto alishauri tumpelekee wakili auone kwanza. Nikasema laki moja ya wakili ni mifuko sita ya saruji, kitu kidogo hiki, kurasa mbili tu. Naliandika hili ili lisomeke baadaye.

Yaliyomo kwa ufupi: malipo ya awali ni asilimia 20, yaani 720,000. Asilimia 10, yaani 360,000, inabaki kwangu mpaka mvua za vuli zipite. Zinazobaki, 2,520,000, zimegawanywa hatua tano za 504,000: kuchimba, zege la chini, ukuta wa mawe, mkanda wa nondo, na jamvi. Hakuna kulipa kwa wiki wala kwa mwezi. Hatua ikionekana, hela inatoka.

Kuna kipengele kimoja ambacho sikukikuta kwa binamu, nimekiweka mwenyewe: *kazi yoyote itakayofukiwa isifukiwe kabla mwenye kazi au mwakilishi wake hajaikagua na kutia sahihi daftarini.* Dereva mwenzangu alipasua sakafu yake kwa sababu ya ufa, akakuta nondo za milimita 8 mahali alipolipia za 12. Mwakilishi wangu nimemwandika mama watoto, kwa jina lake kamili, na mamlaka ya kusimamisha kazi.

Mkandarasi naye aliongeza yake mawili, nami nikaona ana haki. Vifaa vyangu vikichelewa, siku zake zisihesabiwe kuwa ucheleweshaji. Na nikisimamisha kazi bila sababu iliyo kwenye mkataba, vibarua walipwe siku hiyo.

"Mzee, wewe ukighairi unaenda Serengeti," akasema. "Mimi machalii wananifuata mpaka nyumbani."

Jumamosi, 1 Juni

Tumesaini ofisi ya mtaa, mbele ya mwenyekiti. Mashahidi wawili kila upande. Nimetuma 720,000 papo hapo, na yeye akaandika risiti kwa mkono.

Jumatatu, 10 Juni

Kuchora msingi. Hii kazi naipenda. Mambo, yaani vigingi, za mbao pembeni, kamba zimevutwa, na kona inapatikana kwa tatu-nne-tano: mita tatu upande huu, nne upande ule, na mshazari wake lazima usome tano. Halafu fundi mkuu anapima nyumba nzima kutoka kona mpaka kona, mishazari yote miwili. Kwa 12 kwa 10 inatakiwa isome mita 15.62. Mara ya kwanza ilipishana sentimita nne. Fundi mkuu akasonya, akang'oa mambo moja, wakaanza upya. Mara ya tatu zikalingana. Chokaa ikamwagwa juu ya mistari, na ghafla kiwanja kikawa na sebule.

Alhamisi, 13 Juni

Shimo limezungumza.

Pande tatu kazi ni nzuri kabisa: futi tatu chini wamekuta udongo mwekundu uliokaza, sururu inatoa cheche kwenye mawe. Kona ya kaskazini, upande wa bondeni, chepe linaingia kama kwenye uji. Kwanza ikatoka moramu iliyolegea, kisha majivu, kisha mfuko wa plastiki wa sukari, vifuniko vya soda, na mwisho katambuga moja, mguu wa kushoto, mpira wake wa tairi mzima kabisa.

Bibi jirani alikuwa anakata majani ya ng'ombe ng'ambo ya uzio. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia.

"Ee, hapo si palikuwa shimo la moramu. Walichimba wee, wakaacha. Tukawa tunatupa takataka. Halafu yule aliyewauzia akaleta lori akasawazisha."

"Mbona hukutuambia, bibi?"

"Mliniuliza?"

Hatukumuuliza. Tulimuuliza mwenye kuuza, mwenyekiti, mpima ardhi, na dalali. Bibi, ambaye ameishi hapo tangu kabla ya barabara, tulimpungia mkono tu kila tukipita.

Nimeshika nondo ya milimita 12, nikaisukuma chini kwa mikono. Upande wa kusini iliingia upana wa kiganja ikagoma. Kona ya kaskazini, nikiwa tayari nimesimama futi tatu chini, ilizama mpaka usawa wa kiuno changu bila jasho.

Ijumaa, 14 Juni

Mabishano kutwa. Nayaandika kwa utaratibu maana usiku huu nimetulia.

Mkandarasi anasema bei yake ni ya futi tatu. Kuchimba zaidi ni kazi mpya, anataka 900,000. Mimi nikafungua mkataba nikamsomea: *msingi wenye kina cha futi tatu au mpaka ardhi ngumu.* Haya, ardhi ngumu haijafika, endelea kuchimba, bei ni ile ile.

Akachukua karatasi, akasoma mstari ule ule. "Futi tatu *au* mpaka ardhi ngumu. Nikikuta ngumu futi mbili nisimame. Nisipoikuta kwenye tatu, nimeshafika futi tatu. Wapi imeandikwa nichimbe mpaka Moshi kwa bei hii?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Sentensi ile inasomeka kote kote. Binamu yangu hakupata shida kwa sababu Sakina kwake walikuta mwamba futi mbili na nusu. Kwake neno "au" halikupimwa na mtu. Kwangu limebeba kona nzima ya nyumba.

Machalii saba wameketi juu ya rundo la udongo wanatusikiliza. Kipengele chake cha siku za vibarua kimeanza kuhesabu.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa wakili, mtu tunayesali naye. Laki moja niliyoikataa tarehe 29 nimeilipa leo. Nayaandika aliyoniambia, kwa sababu nilitegemea aniambie nitashinda.

Kwanza aliuliza: nani aliandika? Mimi. Akasema basi maneno yenye utata humwangukia aliyeyaandika. Hakimu akiona mstari unasomeka kwa njia mbili, ana sababu ya kuusoma kwa faida ya yule aliyeletewa karatasi asaini.

Pili, faini ya ucheleweshaji niliyoiweka kwenye mkataba, 30,000 kwa siku, nisiihesabu kama hela iliyoko mfukoni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema hata mkishataja kiasi, mahakama humpa aliyeumia fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Inaweza kuwa pungufu.

Tatu, akageuza mkataba nyuma na mbele akitafuta kitu. "Ushuru wa stempu umelipa?" Sikujua kama unalipwa. Mkataba usiolipiwa ushuru haupokelewi kuwa ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe, na ukipita siku 30 tangu kusaini unalipa na adhabu. Nikahesabu kwa vidole: siku ya 14. Jumanne nitapita TRA, mamlaka ya mapato.

Nilimwuliza kama ningepatana kwa mdomo tu ingekuwaje. Akasema mkataba wa mdomo nao ni mkataba, sheria haikatai. Shida inakuja mkishasimama mbele ya mtu wa tatu, kila mmoja na kumbukumbu zake. Na mlango wa kudai hauko wazi milele: madai ya mkataba ukomo wake ni miaka sita.

"Lakini sikushauri uende huko," akamalizia. "Kesi ya shimo la kona moja! Tafuteni mhandisi, mpimiwe, mwandike nyongeza. Mtu akuambie kwa tepu, asikuambie kwa jicho."

Mchana tulikuwa na mhandisi kiwanjani. Alisukuma nondo kila nusu mita kwenye mtaro, mdogo wangu akiandika. Sehemu mbovu ina urefu wa mita 9, ikizunguka kona. Ardhi inayofaa iko mita 2.1 chini. Akasema tusifikirie kujaza moramu na kushindilia juu ya takataka. Majivu na plastiki vinaendelea kulala, yaani kudidimia, miaka kwa miaka, na upande mmoja wa nyumba ukilala huku mwingine umekaa juu ya udongo mwekundu, ufa unajua pa kupita. Tuchimbe mpaka chini, tupanue mtaro toka sentimita 60 hadi 90, zege la chini, kisha tupande na ukuta wa mawe kwa ngazi mpaka usawa wa wenzake.

Akauliza kama mashimo ya majaribio yalichimbwa kabla ya kupatana bei. Matatu tu, akasema, kona mbili na katikati, kibarua mmoja, nusu siku. Mkandarasi akanitazama, mimi nikamtazama mkandarasi. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuyachimba, na hakuna aliyetaka kulipia elfu thelathini.

Jumanne, 18 Juni

Jana ilikuwa Eid, kazi haikuwepo. Ilitusaidia, hasira zimepoa.

Leo tumeandika nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja, juu ya boneti ya gari. Hesabu naiweka hapa nzima.

Mtaro mpya: 0.9 kwa 2.1 kwa mita 9 ni mita za ujazo 17.01. Toa ambazo zilikuwa ndani ya bei ya mwanzo, 0.6 kwa 1 kwa 9, ni 5.4. Ziada ni 11.61. Tumekubaliana 12,000 kwa kila mita ya ujazo: 139,320. Ukuta wa mawe wa ziada, kimo cha mita 1.1, upana 0.6, urefu 9, ni mita za ujazo 5.94, kwa 25,000: 148,500. Mbao za kuzuia kingo za mtaro na kazi ya kuzifunga, 40,000. Jumla 327,820. Tukaifanya 330,000.

Kutoka 900,000 za jicho mpaka 330,000 za tepu. Lakini nisijidai, maana upande wangu nilikuwa nimesimama kwenye sifuri, na sifuri ilikuwa uongo vile vile. Juu ya hapo mawe na saruji za ziada ni zangu, tripu mbili za Fuso.

Mstari wa "au mpaka ardhi ngumu" tumeufuta. Mahali pake: bei ya mwanzo inahusu kina cha mita moja, kila kitakachozidi kitapimwa kwa pamoja *kabla ya kufukiwa* na kulipwa kwa bei zilizotajwa, na kikipungua kitakatwa kwa bei hizo hizo. Hilo la kukatwa alilisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akasaini.

Mbao za kingo hazikuwa wazo langu. Mhandisi ndiye aliyegoma kuondoka mpaka ziandikwe. Mita mbili kwenda chini kwenye kifusi kilicholegea, mtu ameinama na chepe, ukingo hausemi unapokuja. Moshono hatuhitaji kuelezwa hilo. Aprili 2013 machimbo ya moramu ya huku huku yaliporomoka yakafukia watu waliokuwa wanapakia lori, na bibi jirani anayakumbuka majina yao. Tumeandika pia kwamba vibarua ni wa mkandarasi, na akiumia mtu matibabu yanaanzia kwake. Hilo lingetakiwa kuwepo tangu tarehe mosi.

Nimepita TRA. Mkataba na nyongeza yake vimegongwa stempu.

Jumanne, 25 Juni

Niko Serengeti na wageni wanne kutoka Uholanzi. Nyumbu wamesogea Grumeti, nasi tuko nyuma yao. Mtandao unakuja na kuondoka.

Picha za mama watoto: kona ya kaskazini imefika chini, udongo mwekundu umeonekana, mhandisi ametia sahihi daftarini. Zege la chini limemwagwa pande zote. Mifuko mitupu ya saruji ameihesabu, ameifunga kumikumi kwa kamba, 57 ya mtaro wa kawaida na 9 ya kona. Nilikuwa nimepiga hesabu ya 58 na 9. Mmoja umepotelea wapi sijui, na leo sitauliza.

Hatua mbili zimelipwa.

Ijumaa, 5 Julai

Seronera, saa mbili usiku. Simu ilipokamata mtandao iliingia jumbe kumi na nne kwa mkupuo.

Ya kwanza ni picha. Mkanda wa nondo umesukwa, umelala ndani ya mbao juu ya ukuta wa mawe, nondo nne za milimita 12 na ringi zake, vile vyuma vilivyokunjwa kuzizunguka. Kati ya ringi na ringi imewekwa rula ya shule ya mtoto wetu, ile ya plastiki ya sentimita 30. Inaenea yote. Ringi inagusa sifuri, ringi inayofuata inagusa 30. Mchoro wa mhandisi unasema 20.

Zilizobaki ni sauti. Nimezisikiliza nikiwa nje ya gari, wageni wanakula.

Mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, ilikuwa imeshafika na inaunguruma. Mkandarasi mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye kazi nyingine Ngaramtoni, kamwachia fundi msaidizi. Mama watoto alipoomba daftari lisainiwe kwanza, yule kijana akamwambia, "Mama, sisi tumepatana na mzee. Ringi zinatosha, hii si ghorofa."

"Mzee amepatana nanyi kwenye karatasi hii. Mimi nimo humo kwa jina. Zimeni hiyo mashine."

"Mashine ni ya kukodi, mama. Kwa siku."

"Najua. Zimeni."

Nasikia kwenye sauti jinsi ile mashine inavyokata, halafu kimya, halafu jogoo wa bibi jirani.

Mkandarasi alifika saa tisa alasiri. Kwa haki yake nasema: alipoona rula hakubishana hata neno. Alimfokea msaidizi wake kwa lugha ya kwao, akaagiza ringi ziongezwe. Kwenye mita zote 74 za ukuta, ringi za kila sentimita 30 ni kama 247, za kila 20 ni kama 370. Pengo la ringi 120 na ushee. Nondo zake zilikuwepo stoo, nilizinunua mimi, hakuna aliyeziiba. Mtu alichoka tu kukunja. Na kesho yake chini ya zege nani angejua?

Alhamisi, 11 Julai

Nimerudi. Mkanda ulimwagwa Jumamosi tarehe 6, mhandisi akiwepo. Amenieleza kijana mmoja alikuwa anaongeza ndoo ya maji kwenye kila bachi ili zege liteleze vizuri. Alimwondoa kwenye maji, akampeleka kwenye kokoto. Kipengele cha kuzuia hilo sijui kingeandikwaje. Ni kusimama pale tu.

Suala la mikisa: siku ya ziada ya kukodi ilikuwa 80,000. Mkandarasi aliiweka kwenye madai yake. Nikamfungulia ukurasa: kazi ilisimamishwa kwa sababu iliyo kwenye mkataba. Akasema sawa. Vibarua je? Sawa, nao wake.

Halafu kidogo tukakwama kwenye jambo ambalo sote hatukuliandika: kumwagilia. Zege jipya linataka maji siku saba zisizopungua, asubuhi na jioni. Yeye anasema ufundi unaishia kwenye kupiga mwiko. Mimi nasema zege lisilomwagiliwa halijaisha. Tulikuwa na nguvu za ugomvi mmoja tu wiki hii na tulishautumia, kwa hiyo tukagawana: kibarua wake asubuhi, mtoto wetu jioni, maji kwa mpira kutoka kwa bibi jirani. Bibi amelipwa kwa ndoo ya sukari na chai na bado anasema mpira wake umetoboka.

Jumamosi, 27 Julai

Kifusi kimejazwa kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja limemwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine. Dawa ya mchwa, nailoni, wavu wa chuma, jamvi. Nilikuwepo siku zote mbili, na kwa sababu nilikuwepo hakuna cha kusimulia.

Jumapili, 4 Agosti

Hatua ya tano imelipwa. Kazi ilichelewa siku sita ukiondoa siku zangu za vifaa na siku za kona. Kwa mkataba ni 180,000. Nimekaa nalo jioni nzima. Msimu wote nimelala kwenye nyumba ya kupanga ile ile niliyokuwemo, hakuna hasara niliyopata kwa siku sita hizo zaidi ya kuudhika. Nimeiacha. Mama watoto amesema ningeiacha nusu.

360,000 zinabaki kwangu mpaka vuli.

Jumamosi, 7 Desemba

Vuli imenyesha wiki tatu, na wiki iliyopita ilinyesha siku nne mfululizo. Leo nimekwenda na mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji, na mdogo wangu.

Agosti tulichora alama ya penseli kwenye kona zote nne za mkanda, usawa mmoja wa maji. Tukaanzia kusini. Sawa. Magharibi sawa. Mashariki sawa. Kaskazini mdogo wangu alishika mpira ukutani, maji yakapanda yakashuka, yakapanda tena kidogo, nikawa nimepiga goti kwenye tope nasubiri yatulie. Yalitulia kwenye penseli. Nikamwambia atoe povu la hewa, turudie. Yakatulia pale pale.

Ufa mmoja upo, juu ya jamvi, mwembamba kama unywele, karibu na mlango wa jiko. Nimeupiga picha nikiwa nimeweka rula pembeni, nikamtumia mhandisi. Amejibu ni zege kukauka haraka, upande wa mtoto wa jioni, si msingi.

Nimemtumia mkandarasi 360,000 kwa simu. Dakika mbili hazikupita.

"Imeingia mzee. Ukuta tunaanza lini?"

Nimemjibu aje kwanza tusome karatasi.